Kutwa Nzima Msituni: Kutoka Gungu hadi Mto Katuma

Muulize mtu wa Kigoma kuna nini kati ya Uvinza na Mpanda, atakujibu kwa neno moja: pori. Basi likishavuka Malagarasi abiria hufunga madirisha, akina mama hujifunika khanga usoni kukwepa vumbi, na wengi husinzia mpaka wasikie kelele za stendi ya Mpanda. Mimi mwenyewe nimeipita njia hiyo hivyo hivyo tangu utotoni, kwenda kwenye misiba na harusi za ndugu. Lakini msitu ule hauonekani kwa kupitwa. Unataka siku nzima ya mwanga, gari linaloweza kusimama popote, na mahali pa kulala usiku ukingali ndani ya miti.

Gari tulilipata kwa shemeji, mume wa dada yangu. Ni Land Cruiser hadtopu ya zamani, ile inayoitwa mkonga, aliyoinunua imechoka na kuifufua taratibu kwenye gereji za Mwanga, Kigoma mjini. Juu ya paa amefunga hema la kukunjua. Ukilegeza mikanda yake linainuka, ngazi inashuka, na ndani kuna godoro la watu wawili. Nyuma ametengeneza sanduku la mbao lenye droo: upande mmoja vyombo na jiko la gesi, upande wa pili jeki, spana na vifaa vya kuzibia pancha. Dumu la maji lenye koki limefungwa ubavuni. Wageni kutoka Ulaya hupita Kigoma na malori makubwa yaliyogeuzwa nyumba, yenye vitanda, friji na choo, wakaegesha ufukweni upande wa Katonga siku kadhaa kabla ya kushuka kusini.  Mkonga wa shemeji hauna vyote hivyo, ila unalaza watu, unapika, na unapita njia ambayo lori la mgeni lingekwama.

Tulikuwa wanne: shemeji kwenye usukani, dada, mimi, na baba mdogo. Huyu mzee tulimwomba kwa makusudi. Ujanani alipasua mbao kwa msumeno wa watu wawili katika misitu ya Uvinza na Mpanda, na hakuna mti wa huko asioujua kwa gome lake. Jioni ya kuamkia safari dada alikwenda sokoni Gungu, pale pale Kigoma, akarudi na dagaa, migebuka ya kubanika, unga wa muhogo, ndimu na chupa ya mawese mekundu. Hakuna mtu wa kwetu anayesafiri bila mawese.

Safari hii hupangwa kuanzia mwisho wake. Ndani ya hifadhi ya taifa hairuhusiwi kuendesha gari usiku, kwa hiyo lazima uwe umefika Sitalike, kwenye lango la Hifadhi ya Taifa ya Katavi, jua likiwa bado lipo. Kutoka Gungu hadi Sitalike ni zaidi ya kilomita 300. Theluthi ya kwanza ni lami safi hadi Uvinza. Baada ya hapo sehemu kubwa ilikuwa vumbi na changarawe, na lami ilikusogelea kwa vipande kutoka upande wa Mpanda. Shemeji alipiga hesabu ya mapumziko, ya pancha na ya kusimama kutazama miti, akasema tuondoke kabla ya adhana ya alfajiri.

Gungu saa hiyo ina watu wake. Bodaboda wamejikunyata kwenye makoti wakisubiri abiria wa mabasi, mama mmoja anawasha mkaa kwa kipepeo, na upepo wa ziwa unafika mpaka juu huku ingawa ziwa lenyewe hulioni gizani. Tukapita Mwandiga, pale barabara ya Manyovu na Burundi inapochepuka, tukashuka kuelekea bonde la Luiche, na Kidahwe tukaacha njia ya Kasulu kushoto. Mpaka hapo ni michikichi, migomba na mihogo, nchi ya Waha iliyolimwa kila kona. Kulikucha tukiwa Kazuramimba. Tukanywa chai ya tangawizi na maandazi kando ya barabara, baba mdogo akawasalimia watu asiowafahamu kwa makofi na maneno mengi ya Kiha, kama adabu inavyotaka, na shemeji akawa anatazama saa.

Uvinza ni mahali pa kusimama, na ninasikitika kila ninapoona magari yanaipita kwa kasi. Mji huu umekaa pale Mto Ruchugi unapoingia Malagarasi, na ardhini mna chemchemi za maji ya chumvi. Wanaakiolojia waliochimba hapa miaka ya 1960 walikuta mabaki ya vyungu na majiko yanayoonyesha kwamba watu walikuwa wakipika chumvi zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Kabla ya reli kufika Kigoma mwaka 1914, kabla ya misafara ya pembe na watumwa kati ya Ujiji na Tabora, chumvi ya Uvinza ilikuwa inabebwa vichwani kwenda pande zote za ziwa. Na kwa karne zote hizo ilichemshwa kwa kuni. Ukielewa hilo unaelewa kwamba msitu ulio mbele yako haujawahi kuwa mgeni kwa mikono ya watu. Umelisha sekta nzima ya biashara, ukakatwa, ukachipua tena.

Kisha daraja, na chini yake Malagarasi, maji ya kahawia yanayokwenda polepole mwisho wa kiangazi. Mto huu una njia ya ajabu. Unaanzia karibu na mpaka wa Burundi, unazunguka mkoa mzima wa Kigoma kwa upande wa mashariki, unajaza mabwawa makubwa ya Moyowosi, halafu unageuka magharibi kuja kumwaga ziwani kusini mwa Ujiji. Ardhi oevu ya Malagarasi na Moyowosi ndiyo iliyokuwa ya kwanza Tanzania kuingizwa kwenye orodha ya Ramsar, mwaka 2000. Burton na Speke walivuka mto huu mwaka 1858 wakienda Ujiji. Stanley aliuvuka mwaka 1871, naye kama wengine alilazimika kulipa hongo kwa watawala wa Uvinza ili apewe mitumbwi. Sisi tulivuka kwa muda wa kuhesabu pumzi chache, na upande wa pili lami ikaisha.

Hapa ndipo siku yetu ilipoanza kweli.

Tulichagua mwisho wa Septemba kwa sababu moja. Miti ya miombo hufanya jambo ambalo miti mingi ya maeneo makavu haithubutu: inachipua majani mapya kabla mvua haijanyesha. Mizizi yake imekwenda chini sana na shina limehifadhi maji tangu masika, kwa hiyo wakati nyasi zote zimekauka au zimeungua, na vumbi limefunika kila kitu, matawi yanavaa majani machanga. Nayo hayaji kijani. Yanakuja mekundu, ya rangi ya shaba, ya zambarau iliyopauka, mengine ya njano ya ndimu iliyoiva, na wiki chache baadaye ndipo yanageuka kijani. Wekundu huo hulikinga jani changa lisichomwe na jua kali la mwezi wa 10. Kutoka juu ya mwinuko wa kwanza kusini mwa Uvinza tuliona kilima baada ya kilima, vyote vimewaka rangi hizo, na kati yake hakuna bati hata moja linalong'aa. Dada alimwambia mumewe azime injini. Tukatelemka, tukasimama tu.

"Ule wenye kichwa cha duara ni mtundu," baba mdogo akaanza. "Ule pale muyombo. Huu uliopukutika kabisa, wenye matunda ya duara yenye miba katikati, ni mninga." Akautafuta mninga wenye jeraha la zamani la shoka karibu na barabara, akatuita. Kwenye kovu utomvu ulikuwa umetoka mwekundu, ukatiririka kwenye gome na kukauka mweusi. Akaugusa kwa ukucha. "Sisi tulikuwa tunajua mti umekomaa kwa hii, na kwa kuukumbatia. Mikono ikikutana upande wa pili, unauacha. Leo wanakata hata wa unene wa paja." Hakusema zaidi. Lakini kila baada ya muda, garini, alikuwa akionyesha kidole dirishani na kusema: pale tulikuwa na shimo la kupasulia, pale palikuwa na miti mitatu ya mkora, pale sasa hakuna kitu.

Wanaoliita eneo hili pori tupu wangejua lilivyopata utupu wake wangelitazama kwa macho mengine. Miaka ya 1920 na 1930 ugonjwa wa malale ulienea magharibi mwa Tanganyika, na serikali ya Waingereza ikawahamisha watu kutoka vijiji vilivyotawanyika msituni na kuwakusanya kwenye makazi makubwa yaliyofyekwa, ili mbung'o wasiwafikie. Vitongoji vilivyokuwa na mashamba, makaburi na miembe yake viliachwa. Msitu ukarudi juu yake. Kwa hiyo unapopita sehemu ndefu isiyo na moshi wa jiko, hupiti mahali ambapo binadamu hakuwahi kufika. Unapita juu ya nyumbani kwa watu. Wabende, Watongwe na Wavinza wana majina ya kila kijito hapa, na majina hayo yamebaki zaidi kwenye midomo ya wazee kuliko kwenye ramani.

Mashariki ya barabara msitu unaendelea hadi Ugalla. Huko wanaishi sokwe, na kati ya makazi ya asili ya sokwe Afrika, hayo ndiyo ya mashariki kabisa. Gombe na Mahale tunawajua sokwe wa msitu mnene wa kando ya ziwa. Hawa wa Ugalla wanaishi kwenye miombo kama hii hii, yenye jua, nyasi na miezi mingi bila tone la mvua, na kwa sababu hiyo wanatembea eneo kubwa zaidi kutafuta chakula. Hatukumwona hata mmoja, wala hatukutegemea. Kujua tu kwamba wapo nyuma ya vilima vile kulinifanya nitazame miti kwa adabu zaidi.

Mbung'o, ambao madereva huwaita ndorobo, walitukaribisha kabla ya saa sita. Wanafuata kitu kinachotembea, na wanapenda rangi ya bluu na nyeusi. Dada alikuwa amevaa bluu, akabadilisha kwa haraka. Kwenye hifadhi utaona vitambaa vya rangi hizo vimetundikwa mitini vikiwa na dawa, kuwanasa. Dawa ya kienyeji ni mkebe wenye mavi makavu ya tembo yanayofuka moshi taratibu. Shemeji anaamini zaidi kufunga vioo na kuvumilia joto. Joto lenyewe lilikuwa kali, na barabara ilikuwa na makunyanzi yaliyotikisa gari mpaka sufuria zikalia kwenye droo. Mwendo ukashuka hadi kilomita 30 kwa saa. Ukikimbia unavunja springi, ukienda taratibu mno unakula vumbi la malori yanayokupita.

Pancha ilitupata mahali pazuri kuliko pote. Shemeji alipokuwa ameingiza jeki na sisi tumekaa kwenye kivuli chembamba cha mtundu, ndege mmoja mdogo wa kijivu akaja kwenye tawi na kuanza kulia bila kukoma, akihama tawi hadi tawi na kurudi. Baba mdogo alicheka kwa furaha ambayo sijaiona kwake miaka mingi. Alikuwa mlembe, ndege anayeongoza watu kwenye nyuki. Yeye hawezi kuupasua mzinga, anahitaji mtu mwenye moto na shoka. Mtu akishachukua asali, ndege anakula nta na majana. "Anadhani sisi bado ni wale wa zamani," mzee alisema, na akamwomba radhi kwa sauti kwamba leo hatuna panga wala muda.

Asali tuliipata mbele kidogo. Mrina mmoja alikuwa anasukuma baiskeli yenye madumu mawili ya manjano na mzinga wa gome juu ya keria. Akatuonjesha kwa kijiti: asali nzito, ya kahawia iliyokolea, yenye ukali kidogo kooni mwishoni. Ni asali ya maua ya miombo, ndiyo inayofanya ukanda huu wa Katavi na Tabora ujulikane nchi nzima. Tulinunua lita kadhaa. Mzinga wake ulikuwa gome zima la muyombo lililovuliwa na kushonwa kuwa pipa, kazi safi kabisa ya mikono. Ila mti unaovuliwa gome namna hiyo hufa. Mrina mwenyewe aliligusia kabla hatujauliza: alisema kwenye kikundi chao wameanza kutumia mizinga ya mbao, inayodumu miaka, na huu wa gome ni wa mwisho wake. Nilimwamini, kwa sababu alikuwa anazungumza kama mtu anayetaka kurina mahali pale pale akiwa mzee.

Karibu na njia panda ya Mishamo msitu unapungua na mahindi yanaanza. Mishamo ilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa ajili ya wakimbizi waliotoka Burundi baada ya mauaji ya 1972. Walipewa msitu, wakaufanya shamba, na baada ya zaidi ya miaka 30 wengi wao na watoto wao wakapewa uraia wa Tanzania. Ni moja ya mambo makubwa nchi hii imefanya, na halisemwi vya kutosha. Baada ya hapo picha inabadilika kwa namna isiyopendeza. Visiki. Magunia ya mkaa yamepangwa kando ya barabara, vifuniko vya nyasi juu. Mabani ya kukaushia tumbaku, na rundo la magogo kila bani, kwa maana tumbaku ya mvuke haikauki bila kuni nyingi. Sehemu nyingine mti umebaki peke yake katikati ya majivu, na majani yake mekundu yale yale. Baba mdogo hakuonyesha kidole tena.

Mpanda tulijaza mafuta, tukaziba pancha, tukala wali na maharage kwa mama lishe. Ni mji uliotokana na madini ya risasi. Reli yake inayotoka Kaliua ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mgodi, na mgodi ulipokufa reli ikabaki kusafirisha watu. Tangu 2012 ndipo makao makuu ya Mkoa wa Katavi. Kutoka hapo hadi Sitalike ni lami, chini ya saa moja.

Tulifika jua likiwa limeshuka juu ya miti. Malipo ya hifadhi siku hizi hayachukui fedha taslimu langoni. Unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu au kadi, unaandikiwa kibali. Kiingilio cha Mtanzania ni cha shilingi na ni sehemu ndogo tu ya kile anacholipa mgeni wa nje, jambo ambalo watu wengi wa Kigoma hawalijui na wanadhani hifadhi ni za wazungu peke yao. Kambi iko kando ya Mto Katuma, chini ya mikuyu na mikwaju mikubwa, miti ya mtoni ambayo haijui kiangazi. Mhifadhi alikuja na bunduki begani, akatusalimia vizuri, akatupa masharti machache kwa sauti ya mtu aliyeyarudia mara nyingi: msishuke mtoni, chakula chote kifungiwe garini, giza likiingia hakuna kutembea, na mkimwona kiboko nje ya maji, msikae kamwe kati yake na mto.

Dada alipika ugali wa muhogo na migebuka ya mawese kwenye jiko la gesi, tukala tukiwa tumekaa kwenye ubao wa nyuma wa gari. Shemeji na dada walilala hema la juu. Mimi na baba mdogo tulilala ndani, viti vimekunjwa. Usingizi ulichelewa. Viboko walitoka majini muda mfupi baada ya giza, wakapita pembeni ya gari wakichana nyasi, na kila walipokata nyasi tulisikia midomo yao vizuri kabisa, kama mtu anayerarua kitambaa kipya. Mmoja alisimama karibu na gurudumu la nyuma kiasi kwamba pumzi yake ilisikika. Mzee alinishika mkono gizani asiseme neno. Mbali, upande wa mbuga, simba alinguruma, akanyamaza, akanguruma tena.

Asubuhi tuliona mto wenyewe, na hapa ndipo nataka msomaji asimame nami. Katuma ndio uhai wa Katavi, hifadhi yenye kilomita za mraba 4,471 iliyotangazwa mwaka 1974. Unalisha Ziwa Katavi na Ziwa Chada, ambayo kiangazi hubaki mbuga za matope na nyasi, na unalisha nyati, tembo, palahala, korongo na twiga wote wa huku. Septemba maji yanapokauka viboko hujikusanya kwenye madimbwi machache yaliyobaki. Tulichokiona darajani Sitalike ni migongo mingi iliyobanana, hakuna nafasi ya kupitisha mkono kati ya mmoja na mwingine, matope yakigeuzwa geuzwa, na kila kiboko mpya akijaribu kuingia anafukuzwa kwa meno. Wengine walikuwa na majeraha mabichi mgongoni. Mamba, ambao maji yakiisha hujichimbia mapango kwenye kingo za mto, walikuwa wamelala midomoni mwa mashimo yao wakingoja mvua.

Msongamano huo una asili yake. Kiangazi cha Katavi kimekuwa hivyo tangu zamani. Ila mto haukuwa unakauka kiasi hiki wala kwa muda mrefu hivi. Kwa miaka mingi, juu ya hifadhi, maji ya Katuma yamezuiwa kwa mabanio ya mashamba ya mpunga, na vyanzo vyake kwenye vilima vya magharibi mwa Mpanda vimepoteza miti. Serikali imewahi kubomoa mabanio yasiyo na kibali, na mto ukapumua. Mkulima wa mpunga ana watoto wa kulisha, simlaumu kwa kutaka maji. Nalaumu mpangilio unaomwacha kila mtu achote juu bila kujua nani yuko chini.

Na kuna mfano mzuri, tena si mbali. Katika Wilaya ya Tanganyika, iliyo magharibi mwa Mpanda, vijiji vinane, Katuma na Mwese vikiwemo, vimekubali kutunza misitu yao ya Ntakata badala ya kuifyeka. Hewa ya ukaa inayobaki kwenye miti hiyo inauzwa kwa kampuni za nje kupitia mradi wa Carbon Tanzania, na vijiji vimelipwa mabilioni ya shilingi, fedha zilizojenga madarasa na zahanati. Wana askari wao wa msitu, vijana wa pale pale. Hakuna aliyewalazimisha kuupenda msitu kwa hotuba. Wamepata mapato kutoka mti uliosimama, na wanaulinda kama mtu anavyolinda shamba lake.

Kabla ya kurudi tulikwenda Ziwa Katavi, kwenye mkwaju ambao wenyeji wanaamini roho ya Katabi, mwindaji wa kale aliyeipa nchi hii jina lake, inakaa ndani yake. Watu bado huweka sadaka chini yake kuomba baraka. Baba mdogo, Mwislamu wa swala tano, alivua kofia akasimama mbali kidogo kwa heshima. "Wazee walijua kuuwekea mti mwenyewe," alisema, "ili asitokee mtu akaukata."

Kwenu wa Gungu, Mwanga, Ujiji na kote Kigoma: mwaka huu badala ya kuipita barabara hii mmelala, ifanyeni safari. Si lazima muwe na gari la hema. Basi la asubuhi linakufikisha Mpanda, Sitalike ni mwendo mfupi kutoka hapo, na kuna mahali pa kulala kwa bei ya kawaida. Nendeni Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, majani yakiwa mekundu na mvua hazijaharibu njia. Chukueni maji ya kutosha, acheni nguo za bluu nyumbani, mchukueni na mzee mmoja anayejua majina ya miti kabla majina hayo hayajapotea. Walimu wa shule zetu waandae ziara huko, kwa sababu mtoto wa Kigoma aliyemwona kiboko kwenye tope la Katuma hatahitaji kuelezwa mara mbili kwa nini mti wa chanzo cha maji haukatwi. Na madiwani wa Mpanda na Tanganyika, pamoja na wote wanaogawa vibali vya maji na mashamba, wakalale nao usiku mmoja pale mtoni mwezi wa Oktoba, kisha ndipo wakae kikao.